Kengele ikishalia: nani anaamua mwalimu aishije wakati wa mlipuko?

Aprili na Mei 2020, sehemu kubwa ya waliokutwa na virusi vya korona nchini Uganda walikuwa madereva wa malori ya masafa marefu, waliopimwa mipakani: Malaba, Busia, Mutukula, Elegu. Sasa chukua mwalimu wa shule ya msingi mjini Busia ambaye mume wake anaendesha trela kutoka Mombasa. Shule zimefungwa tangu tarehe 20 Machi. Hafundishi mtu, yuko kwake. Majirani wanaanza kuteta kisimani. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anapita "kusalimia". Wiki haijaisha, mwalimu mkuu anapiga simu: Madam, wazazi wanataka kujua, shule zikifunguliwa utaendelea kuishi na huyo mzee?

Simu hiyo moja imebeba mambo matatu yasiyo ya ukoo mmoja. Kuna sheria ya ugonjwa, ambayo humfunga kila mtu. Kuna mkataba wa kazi, ambao humfunga mwalimu na mwajiri wake. Na kuna heshima, ile kauli kwamba mwalimu ni kioo cha jamii, ambayo haina hakimu wala faini lakini inauma kuliko faini. Kila moja ina mwenyewe, ina mipaka yake na ina adhabu yake. Vurugu huanza pale zote tatu zinapotoka katika kinywa cha mtu mmoja, mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi naye amesukumwa tu na wazazi na hajui anasema kwa niaba ya nani.

Tuzifumue.

Sheria ya ugonjwa haimjui mwalimu

Msingi wake ni Sheria ya Afya ya Umma, ya tangu 1935, inayompa waziri wa afya mamlaka ya kutunga kanuni mlipuko unapotangazwa. Kanuni za korona zilianza kutoka Machi 2020, zikawa zinabadilishwa kila baada ya hotuba ya Rais. Kafyu ya kwanza ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baadaye ikasogezwa hadi saa tatu usiku, halafu katika lokidauni ya pili, Juni 2021, ikarudi saa moja. Mabaa yalifungwa Machi 2020 na hayakufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022. Nyumba za ibada zilipofunguliwa Septemba 2020 ziliruhusiwa waumini 70 tu kwa mara moja.

Angalia kanuni hizo zinasemaje kuhusu walimu: hazisemi kitu. Mwalimu aliyekutwa baa saa mbili usiku mwaka 2021 alivunja sheria ileile aliyoivunja mvuvi na mwendesha boda aliyekaa naye meza moja, na kesi yao ilikuwa ya polisi, si ya kamati ya shule. Hakukuwa na kafyu ya walimu. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba "kwa sababu ya korona" mwalimu asiende sokoni siku ya gulio, wakati jirani yake anaruhusiwa, dai hilo halitoki katika sheria ya ugonjwa. Limetoka kwingine na limevaa koti la ugonjwa.

Katiba ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mali yake. Ibara ya 43 inakubali kwamba haki zinaweza kubanwa kwa ajili ya maslahi ya umma, lakini kwa kiasi kinachokubalika na kinachoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Kwa lugha ya mtaani: serikali ikitaka kuingia kwako kwa ajili ya ugonjwa, ije na kanuni iliyoandikwa, inayowahusu wote walio katika hali hiyo, na isizidi kile ambacho ugonjwa wenyewe unalazimisha. Kanuni hizi pia zina umri. Zinatolewa kwa muda, zinakwisha, zinaongezwa. Kosa la kawaida sana ni bango kubaki ukutani miezi sita baada ya kanuni yake kufutwa, na mtu akaadhibiwa kwa bango.

Mkataba: uliza kwanza mwajiri ni nani

Hapa Uganda neno "mwalimu" linaficha watu watatu. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, na bosi wake kiutawala ni CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Mwalimu wa sekondari ya serikali huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu iliyoko Kampala. Mwalimu wa shule binafsi ameajiriwa na mwenye shule, awe dairekta, kanisa au kampuni, na anaongozwa na Sheria ya Ajira ya 2006. Yuko pia yule wa nne, anayelipwa na PTA, chama cha wazazi na walimu, ndani ya shule ya serikali bila barua yoyote, ambaye kila mlipuko unapotokea ndiye wa kwanza kusahaulika.

Wote wana kitabu kimoja cha maadili: Kanuni za Maadili ya Kitaaluma ya Walimu, zilizotolewa na Tume ya Utumishi wa Elimu mwaka 2012. Humo mwalimu anatakiwa awe mfano mwema, asiwe mlevi kazini, avae kwa staha, asiwe na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi. Kipengele cha "mfano mwema" ndicho mlango mpana ambao kila mtu hupenda kupitia. Mwenyekiti wa kamati akitaka kumkomoa mwalimu, hafungui ukurasa mwingine.

Lakini kuna swali la kupimia: je, alichofanya mwalimu nje ya shule kinaathiri kazi yake au usalama wa watoto kwa njia inayoweza kuelezwa? Mwalimu aliyejua ana korona akaenda kusahihisha mitihani pamoja na wenzake, ndiyo. Mwalimu aliyeonekana kwenye picha ya harusi bila barakoa mwezi Julai, wakati shule imefungwa na hatakutana na mtoto yeyote kwa miezi mitatu, ni aibu kwake na pengine ni kosa la kanuni za afya, lakini kulifanya kosa la kazi ni kuvuta kamba mpaka ikatike.

Sasa heshima yenyewe, ambayo hatutaidharau. Kijijini mwalimu ndiye anayeandika barua za watu, anayehesabu michango ya msiba, anayesoma tangazo la wilaya kwa sauti. Ugonjwa mpya ukija, watu humtazama yeye avae nini na akae wapi. Asipovaa barakoa, wanaona ni ruhusa. Tuchukue malwa, ile pombe ya ulezi inayonywewa mashariki ya nchi kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wamekaa duara, na mrija mmoja unaweza kupita mikononi na midomoni mwa watu kadhaa. Huwezi kubuni chombo bora zaidi cha kusambaza ugonjwa wa mate. Mwalimu akikaa kwenye duara lile, wanakijiji wana haki ya kumshangaa na hata kumwambia usoni. Kumwambia, ndiyo. Kumkata mshahara ni jambo jingine, linahitaji mkataba na utaratibu.

Ugonjwa gani? Hapa ndipo wengi hupotea

Masharti mengi yaliyowekwa kwa walimu yalikosea kwa sababu yalinakiliwa kutoka mlipuko mmoja kwenda mwingine. Uganda ilitoka kwenye korona Januari 2022, na tarehe 20 Septemba mwaka huohuo ikatangaza Ebola ya aina ya Sudan wilayani Mubende. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa Oktoba, na shule nchi nzima zikafunga tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya ratiba, baada ya watoto wa shule kufa. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023 ukiwa umeua watu 55 waliothibitishwa. Ebola hiyohiyo ikarudi Kampala mwisho wa Januari 2025, ikatangazwa kuisha Aprili. Mambo haya yatarudi tena, kwa hiyo inafaa tofauti yake ieleweke.

Korona huambukiza kupitia hewa na matone, na mtu anaweza kuisambaza siku moja au mbili kabla hajahisi lolote. Hivyo mikusanyiko ya mwalimu nje ya shule inahusika kweli na darasa: Jumapili ameimba kwaya ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha, Jumanne anafundisha watoto tisini akiwa mzima kabisa, na virusi vinatoka. Muda wa kujitenga kwa aliyekutana na mgonjwa ulihesabiwa kwa siku 14.

Ebola haiendi hivyo. Mtu asiye na dalili haambukizi. Virusi hupita kwenye majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, jasho la mgonjwa, na maiti ndiyo hatari kuliko vyote. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, ndiyo maana waliogusana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21. Kwa hiyo kumzuia mwalimu asiende harusini Mityana kwa sababu ya Ebola hakuna maana kubwa, lakini kumtaka asioshe maiti ya shangazi yake aliyekufa kwa homa isiyojulikana, awaachie timu ya mazishi salama, ni sharti la haki kabisa. Tena hilo si sharti la mwalimu. Ni la kila mtu. Na aliyeorodheshwa kuwa aligusana na mgonjwa akapimwa joto kila siku kwa siku 21 bila dalili, siku ya 22 anarudi darasani bila kudaiwa "muda wa ziada wa uhakika". Shule inayoongeza wiki mbili za uhakika inaongeza woga tu, na kwa kawaida wiki hizo hazina mshahara.

Mwanaume aliyepona Ebola ana jambo jingine: virusi vinaweza kubaki kwenye shahawa kwa miezi kadhaa, na hospitali humpa ushauri na kondomu. Hiyo ni siri kati yake, mwenzi wake na daktari. Hakuna njia ambayo shahawa ya mwalimu wa hesabu inahusiana na darasa la tano. Shule haina haja ya kuijua, achilia mbali kuijadili ofisini.

Turudi kwa Madam wa Busia. Ugonjwa ni korona, mume ni dereva. Swali halali kwake lilikuwa moja: katika siku 14 zilizopita umekaa karibu na mtu aliyethibitishwa kuwa na korona? Hapana, basi hakuna la kuongeza. Ndiyo, basi ukae nyumbani siku zilizowekwa, ulipwe, urudi. Ndoa haimo katika swali hilo. Mume angekuwa daktari wa hospitali ya Mulago, aliye karibu na wagonjwa kuliko dereva yeyote, hakuna mzazi ambaye angepiga simu. Hapo ndipo unapojua kwamba kilichoulizwa hakikuwa ugonjwa.

Kadi ya chanjo

Chanjo ya korona ilianza kutolewa Uganda tarehe 10 Machi 2021, AstraZeneca, na walimu walikuwa katika makundi ya mwanzo pamoja na wahudumu wa afya, vyombo vya usalama, wazee na wenye magonjwa sugu. Haikupita muda, kuchanjwa kukawa sharti la kukanyaga shule. Agizo lilikuja kama waraka wa wizara, si kama sheria ya Bunge. Muswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Umma, uliopelekwa bungeni baadaye, ulipendekeza faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miezi sita kwa asiyechanjwa. Kule kuupendekeza tu kunaonyesha kwamba kabla ya hapo adhabu ya namna hiyo haikuwepo.

Waraka una nguvu kiasi gani? Kwa mtumishi wa umma, ni agizo la mwajiri, na mwajiri ana wajibu wa kuweka mahali pa kazi salama. Kwa shule binafsi ni mwongozo ambao mwenye shule anaweza kuufanya sharti la mkataba, lakini hawezi kumfukuza mtu papo hapo kwa kuutaja. Maoni yetu ni kwamba kumtaka mwalimu aliye mbele ya watoto themanini achanjwe si uonevu, ilimradi apewe nafasi ya kueleza sababu ya kiafya, na ilimradi chanjo ipo. Mwaka 2021 hilo la pili lilisahaulika: kulikuwa na wiki ambazo vituo vya wilaya vilikuwa vikavu, na mwalimu aliyepanga foleni tangu alfajiri alirudi bila sindano, huku sharti likiendelea kuhesabu siku.

Halafu kuna suala la kadi yenyewe, ambalo lilifanywa ovyo karibu kila mahali. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaiweka hali ya afya ya mtu katika taarifa nyeti. Mwajiri anaweza kuikusanya pale sheria inapompa wajibu huo au pale mtu anaporidhia kwa hiari. Kuisambaza ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi pointi za fedha 240, yaani shilingi milioni 4.8, au kifungo cha hadi miaka kumi. Njia safi ni hii: mtu mmoja aliyeteuliwa anaikagua kadi au cheti kilichochapwa kutoka EPIVAC, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za chanjo, anaweka alama kwenye daftari linalofungiwa kabatini, anarudisha kadi palepale. Hapigi picha. Haandiki aina ya chanjo wala sababu ya asiyechanjwa. "Ameruhusiwa" au "bado" inatosha.

Kilichofanyika ni orodha kubandikwa ubaoni, majina ya "bado" kwa wino mwekundu. Au kadi kupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili "wapate imani". Kadi ile ina jina kamili, umri, namba ya simu, wakati mwingine namba ya kitambulisho cha taifa. Ikishaingia kwenye kundi la watu mia mbili, huirudishi.

Kulala shuleni

Watahiniwa waliporudi tarehe 15 Oktoba 2020, baadhi ya shule za bweni ziliwataka walimu walale humohumo, wasitoke mpaka muhula uishe. Kitabibu ni wazo lenye akili: ukifunga geti, virusi haviingii. Lakini geti lilifungwa kwa walimu na likaachwa wazi kwa muuza maziwa, lori la kuni na walinzi wanaobadilishana zamu, na hapo faida yote ikapotea huku mwalimu akibaki na gharama.

Shule ina haki ya kuamua nani anaingia kwenye uwanja wake. Haina haki ya kumfanya mfanyakazi mfungwa. Sheria ya Ajira haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya mapumziko, na wiki ya kawaida haipaswi kuzidi saa 48. Mwalimu anayelala bwenini, anayeamshwa saa tano usiku mtoto akikohoa, anazipita saa hizo kabla ya Ijumaa. Anayetaka mpango huu ufanye kazi aandike makubaliano ya ukurasa mmoja: tarehe ya kuanza na ya mwisho, posho kiasi gani na inalipwa lini, chakula ni cha nani, chumba ni cha watu wangapi, zamu ya usiku inagawanywaje, na mambo gani yatamruhusu kutoka bila kuomba mara mbili, kama kufiwa, kuuguliwa na mtoto, kujifungua kwa mke. Mwenye mtoto anayenyonya aje naye au asiingizwe kwenye mpango. Na kila anayepita getini, muuza maziwa akiwemo, afuate sharti moja.

Pasipo karatasi hiyo, kinachotokea kinajulikana. Wiki ya tatu mwalimu anaruka ukuta Jumamosi usiku kwenda kuona familia, anarudi Jumapili bila mtu kujua amekutana na nani, na shule inakuwa katika hatari kubwa kuliko ingemwachia atoke mchana na kuandika jina.

Mshahara umekatwa, masharti yamebaki

Walimu wa serikali waliendelea kulipwa muda wote shule zilipofungwa. Wa shule binafsi, wengi wao, waliacha kulipwa mwezi wa pili au wa tatu, kwa kuwa mshahara wao ni karo na karo haikuwepo. Kati ya 20 Machi 2020 na 10 Januari 2022, siku madarasa yote yaliporudi, ni karibu miaka miwili. Watu walifyatua matofali, waliendesha boda, walikaanga chapati za mayai zinazoitwa rolex barabarani, walilima mashamba ya wengine kama vibarua.

Hapo ndipo ile heshima ilipoonyesha upande wake mbaya. Wenye shule waliokuwa hawajalipa shilingi tangu Aprili walipiga simu kusema mwalimu kuonekana anauza mandazi stendi "kunaishusha shule". Kisheria simu hiyo haina miguu. Kazi halali haivunji maadili ya ualimu, na mwajiri asiyelipa hana kiti cha kukalia anapozungumzia jinsi mtu anavyopata chakula. Kwa mtumishi wa umma anayeendelea kulipwa hali ni tofauti kidogo: kazi ya pembeni isigongane na kazi yake, na kwa biashara ya kudumu ni busara awe na kibali cha maandishi.

Kulikuwa na kazi moja ya pembeni yenye mtego: kufundisha watoto wa mtaani nyumbani kwa malipo. Wazazi walioiomba walikuwa haohao wazazi wa shule. Walimu walikamatwa kwa ajili hiyo, si kwa kuwa kufundisha ni dhambi bali kwa kuwa watoto kumi na tano sebuleni ni mkusanyiko na mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Nyumba yako ikishakuwa darasa, huwezi tena kuitetea kwa faragha ya nyumba.

Mahali ambapo hakuna "maisha binafsi"

Kuna jambo moja ambalo halipimwi kwa mizani ya hapo juu. Shule kufungwa hakumfanyi mwanafunzi aache kuwa mwanafunzi. Msichana wa darasa la saba aliyekaa nyumbani miezi kadhaa bado ni mtoto chini ya sheria, mpaka afike miaka 18, na kanuni za maadili za 2012 bado zinamkataza mwalimu kumgusa, iwe likizo au isiwe likizo. Aliyejitetea kwamba "wakati huo sikuwa kazini" alijitetea kwa hewa. Hapa shule na wilaya zina haki ya kuuliza mwalimu alikuwa wapi na nani saa nne usiku, na zinakosa zisipouliza.

Masomo ya simu yaliongeza hatari hiyo. Utaratibu unaomlinda mtoto, na mwalimu mnyofu pia: ujumbe uende kwenye simu ya mzazi, si ya mtoto, kundi la darasa liwe na watu wazima wawili angalau, kazi itumwe mchana na isahihishwe mchana, mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi peke yao kwa faragha yasiwepo kabisa, hata kwa swali la hesabu. Anayesema hayo ni kutomwamini mwalimu, akumbuke kwamba mwalimu aliyesingiziwa husafishwa na kumbukumbu hizohizo.

Barua ikifika

Kwanza, hakikisha ni barua. Simu, ujumbe wa WhatsApp na maneno ya mwenyekiti wa PTA kanisani si hatua ya nidhamu. Muulize mpigaji kwa upole akuandikie, taja tarehe ya simu yake. Nusu ya mambo haya huishia hapo, maana mtu akishika kalamu hulazimika kutaja kanuni, na kanuni haionekani.

Barua ikija, tafuta vitu vinne ndani yake: nani amesaini, kosa gani, lilitokea lini na wapi, limevunja kifungu gani cha nini. Kwa mwalimu wa serikali, mwalimu mkuu hasimamishi mtu kazi. Anaandika ripoti na CAO au ofisi husika ndiyo inayoweza kukusimamisha kupisha uchunguzi. Ukisimamishwa hivyo unapata si chini ya nusu ya mshahara wa msingi, na hujapatikana na hatia bado. Wengi huacha kufuatilia kwa aibu, mwaka unapita, nusu inageuka kuwa desturi. Fuatilia kwa maandishi kila mwezi.

Kwa mwalimu wa shule binafsi, kabla ya kufukuzwa kwa kosa lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa na usikilizwe, ukiwa na mtu mmoja uliyemchagua mwenyewe. Hilo lilikuwa kifungu cha 66 katika chapa ya 2006. Namba zimebadilika katika chapa mpya ya sheria, kwa hiyo taja jambo lenyewe. Mwajiri asiyekusikiliza anadaiwa mshahara wa wiki nne, hata kama kosa ulilifanya. Ukifukuzwa, una miezi mitatu kwenda kwa afisa kazi wa wilaya. Siku tisini zikipita bila uamuzi wake, unaweza kuipeleka kesi Mahakama ya Viwanda. Ukiugua, mwezi wa kwanza ni mshahara kamili, sharti uwe umefanya kazi mwezi mmoja angalau. Karatasi ya kliniki iandike siku za mapumziko bila kulazimika kutaja ugonjwa.

Jibu lako liwe fupi. Hasira haina nafasi, wala maelezo ya ndoa. Madam wa Busia angeweza kumaliza kwa mistari mitatu, nakala moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa na kubaki kwenye faili lake: kwamba amepokea swali la tarehe fulani kuhusu afya, kwamba katika siku 14 zilizopita hajakutana na mtu aliyethibitishwa, na hali hiyo ikibadilika atatoa taarifa siku hiyohiyo na kubaki nyumbani, kwamba yuko tayari kuanza kazi siku shule itakapofunguliwa. Jina la mume halimo.